Nimealikwa kwenye bodi ya shirika lisilo la faida: niitishe nini kabla ya kukubali?

Mwalimu wa Buruburu:
Hamjambo wanajukwaa. Shirika moja linaloendesha maktaba za watoto katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, limeniomba nijiunge na bodi yake. Mimi ni mwalimu wa sekondari; ninawaelewa watoto na vitabu vyao, lakini hesabu za fedha si fani yangu. Bodi hukutana mara nne kwa mwaka, siku ya Jumamosi, na nimearifiwa kwamba nyaraka hugawiwa wajumbe wakishaketi. Mwanzilishi, ambaye ninamheshimu sana, ndiye mwenyekiti na ndiye pia mkurugenzi mtendaji. Niitishe nyaraka gani kabla ya kutoa jibu, na nikishaingia, nitasimamiaje bila kuonekana nimekuja kumnyang'anya mwenyewe shirika lake?

Mweka Hazina Mstaafu:
Mwalimu, anza na kumbukumbu za mikutano iliyopita, hata kabla ya hesabu. Ukikuta kurasa nzima za hotuba na shukrani, lakini huoni ni nani aliyekabidhiwa kazi gani na kufikia lini, umekwisha kujua bodi hiyo hufanya nini siku ya Jumamosi. Kisha itisha katiba ya shirika, hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu pamoja na barua ambayo mkaguzi huwaandikia viongozi kuhusu kasoro alizoziona (wengi huificha hiyo), na orodha ya watia sahihi wa akaunti za benki.

Usiogope hesabu. Jambo linaloyaangusha mashirika mengi madogo linaonekana kwa macho ya mwalimu vilevile. Chukua mfano wa shirika lenye shilingi milioni 3 benki. Wajumbe wanafurahi, wanaidhinisha kukodi chumba kingine. Hakuna aliyegundua kwamba katika hizo, milioni 2.6 ni ruzuku ya mfadhili iliyotolewa kwa kununua vitabu tu, na kwamba mishahara na kodi ya nyumba zinategemea laki nne zilizobaki. Mwezi ukiisha, mtendaji anagusa fedha za vitabu akitumaini kuzirudisha, na mfadhili akija kukagua, shirika linadaiwa. Kwa hiyo kila mkutano uliza swali hili moja: kati ya fedha zilizopo, ni kiasi gani hakina masharti, na kinatutosha kwa miezi mingapi?

Uliza pia kama makato ya mishahara yanafika yanakotakiwa. Kodi ya PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, hulipwa KRA (Mamlaka ya Mapato ya Kenya) kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Risiti zake zipo au hazipo, hakuna maelezo marefu.

Na hizo nyaraka za kugawiwa mezani, zikatae kwa upole. Omba zitumwe wiki moja kabla, kwa sababu hakuna mtu awezaye kusoma bajeti huku chai ikimiminwa.

Wakili wa Ngara:
Naongezea upande wa sheria kwa ufupi. Ulizia kwanza shirika limesajiliwa kama nini. Kama ni kampuni yenye ukomo wa dhamana (isiyo na hisa, ambayo wanachama huahidi tu kuchangia kiasi fulani ikifungwa), itisha CR12, hati ya msajili wa makampuni, uone majina ya wakurugenzi waliomo, na siku utakapojiuzulu hakikisha jina lako limeondolewa, kwani barua ya kuaga peke yake haibadilishi rejista. Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015 inamtaka mkurugenzi atumie uangalifu na ujuzi unaostahili, aamue kwa akili yake mwenyewe, na atangaze maslahi yake. Haisemi kwamba anayejitolea bila malipo amesamehewa. Kama lilisajiliwa kama NGO, fahamu kwamba Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013 ilianza kutumika Mei 2024, ikachukua nafasi ya sheria ya NGO ya mwaka 1990. Uliza usajili wao umefikia wapi chini ya sheria hiyo.

Mtendaji wa Kawangware:
Nakubaliana na waliotangulia, ila niseme kwa niaba yetu tunaosimamiwa. Wajumbe wapya wengi huja wakiamini ile ya mgeni njoo mwenyeji apone, na mwezi wa kwanza tu wanawapigia wafanyakazi simu kuwapa maagizo. Mkutubi akipata amri kutoka kwako na nyingine kutoka kwa mkurugenzi, atamsikiliza nani? Maswali yako yapitie kwa mkurugenzi au yaje mkutanoni.

Kuhusu mwanzilishi kushika vyeo viwili: ni kosa la muundo, kwa maana mwenyekiti ndiye anayeongoza tathmini ya mtendaji, na hapa anajitathmini. Hata hivyo usilianzishe katika mkutano wa kwanza. Zungumza naye faraghani, umwambie wafadhili wengi huliuliza jambo hilo, naye achague kiti anachokipenda zaidi. Wengi huchagua kazi na kuachia uenyekiti.

Mwalimu wa Buruburu:
Nawashukuru sana. Nimeitisha kumbukumbu, na nimeona kwamba mjumbe mmoja ndiye mwenye nyumba iliyopangishwa kwa maktaba mojawapo. Je, hilo linatosha kunifanya nikatae?

Mweka Hazina Mstaafu:
Halitoshi. Huenda anawatoza chini ya bei ya mtaa. Angalia kama maslahi yake yaliandikwa kwenye kumbukumbu, kama alitoka chumbani wakati wa kuamua, na kama waliobaki walifikisha akidi (idadi ya chini ya wajumbe inayotakiwa ili kuamua) bila yeye. Angalia pia kama walilinganisha kodi hiyo na ya nyumba nyingine mbili au tatu za karibu. Kama hayo hayakufanyika, mkataba ukikaribia kwisha omba yafanyike kabla haujaandikwa upya. Wakikataa kuliweka hata kwenye ajenda, hapo una sababu ya kukataa.