Kituo cha kuchaji magari ya umeme Mnazi Mmoja, Lindi: paa la kisheli, "miti" ya mbao, au baraza?

NjiaPanda_Lindi

Wakuu, habari za jioni. Nina kiwanja Mnazi Mmoja, pale njia panda ya kwenda Masasi, mita 30 kwa 40. Mbele lami, nyuma mashamba, upande wa magharibi kuna mkorosho mkubwa alioupanda babu. Nataka kuweka kituo cha kuchaji: pikipiki na bajaji kwanza, gari ndogo mbili tatu, na nafasi ya kuongeza huko mbele. Suala la umeme nimeshaanza kulifuatilia, transfoma haiko mbali. Kinachonikwamisha ni jengo lenyewe.

Mchora ramani kaniletea michoro mitatu.

Wa kwanza ni sheli kabisa. Paa bapa la chuma juu ya nguzo nne, mita 5 kwenda juu, taa kuzunguka ukingo, chaja zimepangwa katikati kama pampu, kijiofisi cha vioo nyuma.

Wa pili anauita "miti". Nguzo za mbao zinazopanuka juu kama matawi mpaka zinakuwa paa. Anasema Denmark wamejenga hivyo. Mzuri kweli, ukiutazama kwenye karatasi unatamani kukaa chini yake.

Wa tatu kauchora kwa shingo upande baada ya mimi kumsumbua. Paa la bati la chini, linashuka upande mmoja, limeungana na jengo dogo lenye baraza ndefu, benchi za zege, choo, na chumba cha kubadilishia betri. Mke wangu alipouona akauliza kama nahamia Mikindani, kwenye nyumba za kale.

Wa kwanza na wa tatu bei hazipishani sana, wa pili umepaa. Moyo wangu uko kwa wa kwanza, maana mtu akipita anajua hapa pana biashara. Nisaidieni kabla sijamwaga zege.

Bati_Ligula

Mkuu, nimeezeka Mtwara na Lindi miaka mingi, naongea kama fundi tu. Paa bapa la mita 5 kwenye uwazi wa Mnazi Mmoja unajenga tanga. Upepo wa kusi ukishika kuanzia mwezi wa nne hausukumi paa, unalinyanyua kwa chini. Msingi wa nguzo nne unatakiwa uwe mzito kuliko anavyokuonyesha kwenye ramani, na hapo ndipo bei yako "isiyopishana sana" itakapopishana.

Halafu chumvi. Wewe uko ndani kidogo, una nafuu kuliko sisi wa Mtwara mjini, ila usidanganyike na rangi. Chuma kiwe kimechovywa kwenye zinki, na kikikatwa au kuchomelewa, pale penye kidonda ndipo kutu inapoanzia. Parafujo za kawaida kwenye fremu za alumini za sola ni kosa jingine, vyuma viwili tofauti vikikutana na unyevu wa chumvi kimoja kinamla mwenzake. Tafuta za chuma kisichoshika kutu, hata kama muuza duka atakuangalia vibaya.

BajajiChikongola

Mimi sijui kenchi wala zinki, ila naendesha bajaji ya umeme hapa Mtwara, wacha niwaambie kuchaji kukoje.

Nachaji kwa jamaa mwenye fremu ya kunyolea. Ekstensheni inatoka dirishani, inapita juu ya kreti la soda ili isiguse maji ya kuoshea taulo, imefunikwa na ndoo iliyopasuka, kwenye plagi kafunga mfuko wa nailoni. Mimi nakaa juani kwenye ukingo wa mtaro, kofia usoni, nikihesabu abiria wanaopanda bajaji za wenzangu. Kulala siwezi, nikilala mtu anachomoa achaji simu.

Sasa wewe unauliza paa gani linapendeza. Kaka, weka pa kukaa. Ukiweka pa kukaa, choo na maji ya kunywa mimi nakuja, hata paa ukilipaka rangi ya zambarau.

MsanifuKusini

Kijana wa Chikongola kanimalizia nusu ya niliyotaka kuandika. Mimi ni msanifu majengo, nitajazia iliyobaki.

Paa la sheli limekuwa vile kwa sababu zake. Juu sana ili lori lipite, wazi pande zote ili mvuke wa petroli usijikusanye, na hakuna pa kukaa kwa sababu dakika tano umeshaondoka. Kwenye umeme sababu zote tatu zinaanguka. Chukua gari lenye betri ya kWh 60, yaani uniti 60 za umeme. Kutoka asilimia 20 hadi 80 linahitaji kWh 36. Kwenye chaja ya kasi ya kW (kilowati) 50 hiyo ni kama dakika 45, na juu ya 80 betri yenyewe inapunguza mwendo, ndiyo maana wengi hung'oa hapo. Kwenye chaja ndogo ya kW 7 ni saa tano na ushei. Kwa hiyo unajenga sebule yenye waya, mzee, na mchoro wako wa kwanza hauna hata kiti.

Wenzetu walishalitambua hili. Kule Uingereza, Braintree, kampuni ya Gridserve ilifungua kituo Desemba 2020 chenye nafasi za magari 36, na kando wakaweka mgahawa na maduka. Hiyo "miti" ya mchora ramani wako ni kazi ya wasanifu wa COBE, kituo kiko Fredericia, Denmark. Walikuwa na hoja: mtu apumzike chini ya kitu chenye utulivu wa msitu, badala ya bati na taa kali. Hoja naipenda. Mbao zao zimetengenezwa kiwandani kwa kuunganishwa vipande kwa gundi, na hapo Lindi utaziagiza. Mchwa nao hawajasoma hoja hiyo. Na tena, wewe una mti wa kweli upande wa magharibi!

Sasa jua, maana hapa ndipo ramani nyingi zinapoharibika. Tuko kama nyuzi 10 kusini ya ikweta. Juni jua la mchana linakaa kaskazini, Desemba linahamia kusini kidogo, na mwezi wa kumi, korosho zinapoanza kuanguka, liko utosini kabisa. Jua la utosini paa lolote linalizuia. Linalokuua ni la saa kumi jioni, linaloingia kwa ubavu. Paa la mita 5 saa kumi linatupa kivuli chake kwa jirani. Paa la mita 2.7 lenye ukingo unaoshuka linakipa kivuli hicho kichwa cha dereva na kioo cha chaja. Chaja ikipata moto kupita kiasi inajipunguzia nguvu yenyewe ili isiungue, kwa hiyo kivuli ni hela pia.

Lalisha jengo mashariki-magharibi, upana utazame kaskazini na kusini. Ukuta wa magharibi ujenge kwa matofali ya matundu, upepo upite na jua likwame. Kura yangu ni mchoro wa tatu.

NjiaPanda_Lindi

Asante msanifu, umenitikisa. Ila bado nina wasiwasi. Mtu anatoka Dar usiku, anaona kijumba cha bati chini, atajuaje? Atadhani duka la mangi. Sheli inaonekana kilomita nzima.

Na sola je? Mchora ramani anasema paa bapa kubwa ndilo litakalobeba paneli, "kituo kijitegemee".

MsanifuKusini

Kuonekana ni kazi ya bango. Simamisha nguzo moja yenye taa ya rangi moja, mita 6, karibu na lami. Fastned wa Uholanzi, walioanza 2012, wanatambulika mbali kwa rangi yao ya njano tu. Chagua rangi yako ushikilie hiyo hiyo.

Kujitegemea, tupige hesabu pamoja. Nafasi sita za magari, kila moja mita 2.5 kwa 5, ni mita za mraba 75. Kilowati moja ya paneli inakula kama mita za mraba 5, kwa hiyo unapata kW 15. Kwa jua letu ni kWh 60 hadi 75 kwa siku nzuri. Hilo ni gari MOJA kujaa. Kwa gari, sola inapunguza bili tu. Lakini betri ya pikipiki ni kama kWh 2 hadi 3, unajaza ishirini na kitu kwa siku. Kwa hiyo sola yako ielekeze kwenye chumba cha kubadilishia betri, gari ziachie umeme wa gridi ya taifa. Na mteremko wa nyuzi 10 ukitazama kaskazini unatosha, mvua itaosha vumbi. Paa bapa halioshwi na mtu.

Nesi_Masasi

Naomba nichangie kama mwanamke ninayeendesha usiku. Nimewahi kuchaji kwenye kituo kimoja Dar, sitakitaja. Chaja wameziweka nyuma ya jengo, karibu na mapipa ya taka, taa moja inawakawaka. Dakika arobaini nimejifungia ndani ya gari nikiangalia vioo vya pembeni. Sikurudi tena.

Kwa hiyo kaka, baraza yako itazame chaja, na chaja zionekane kutoka barabarani. Ukuta wa matundu ni mzuri, ila usiuzungushe pande zote ukatengeneza uficho. Choo mlango wake uwe upande wenye taa. Na nafasi moja iwe pana zaidi, mtu wa kiti cha magurudumu apite kando ya gari bila kukanyaga kebo, na kioo cha chaja kisiwe juu kama mashine za benki. Wagonjwa wangu wanaendesha pia.

Bati_Ligula

Nesi kasema la maana. Kwetu choo huwa kinachorwa mwisho, palipobaki.

FundiUmeme_Nachingwea

Mnaongelea paa tu, mimi naangalia chini.

Moja, athi, yaani waya wa usalama unaoshuka ardhini. Udongo wenu wa kichanga ukikauka haushiki athi. Rodi moja haitoshi, weka kadhaa, ziunganishe, na pima kwa kifaa kiangazi, si masika. Masika kila athi ni nzuri.

Mbili, ukichimba mtaro wa kebo chimba mara moja. Laza mabomba ya akiba matupu mpaka kwenye nafasi ambazo huna chaja bado, acha kamba ndani. Bomba tupu ni hela ndogo. Kupasua zege baada ya miaka miwili ni kilio.

Tatu, nyanyua vitako vya chaja. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, si mnakumbuka barabara ya kwenda Dar ilivyokatika? Angalia maji ya mvua kubwa yanafika wapi kiwanjani kwako, kisha panda juu ya hapo.

Nne, mama lishe asikae na jiko la mkaa karibu na chumba cha betri. Chumba hicho kiwe cha tofali, kina matundu juu na chini, kimejitenga na baraza, mlango unafunguka nje. Betri zikishika moto maji ya ndoo hayasaidii, unachohitaji ni nafasi ya kukimbilia.

Mzee_wa_Kilwa

Wanangu, mmesahau makuti. Baraza ya makuti ina baridi kuliko bati lolote.

FundiUmeme_Nachingwea

Shikamoo mzee. Ni kweli, baridi lake halina mfano. Lakini juu ya chaja hapana, cheche moja tu. Labda banda la ming'oko (ile mizizi ya porini ya kuchemsha) na madafu, lijitenge kule mwisho wa kiwanja.

Mzee_wa_Kilwa

Marahaba. Basi hapo kwenye ming'oko ndipo nitakapokaa mimi.

DerevaKusini

Swali kwa msanifu: gari zinaingia kichwa mbele au zinapita moja kwa moja? Nina Nissan Leaf, tundu lake liko puani. Rafiki yangu gari lake tundu liko nyuma kushoto. Kila tukienda mahali mmoja wetu anageuza geuza. Halafu Leaf yangu inatumia plagi ya CHAdeMO, nyingine nyingi ni CCS2. Msije mkanunua chaja ya kichwa kimoja.

MsanifuKusini

Kwa ukubwa huo changanya. Nafasi mbili za mbele karibu na lami ziwe za kupita moja kwa moja, hata anayevuta tela ataingia. Nne za ndani ziwe za kichwa mbele, na chaja isimame kati ya nafasi mbili badala ya katikati ya pua, kebo ifike pande zote. Bajaji na pikipiki zipate mlango wao, zisipishane na gari zinazorudi nyuma.

NjiaPanda_Lindi

Nimemrudishia mchora ramani ule mchoro wa tatu na maelezo yenu. Kanuna kidogo, kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia: paneli zikiwa juu ya paa refu la mashariki-magharibi, mkorosho wa babu utatia kivuli upande wa mwisho kuanzia saa tisa. Anasema niukate.

MsanifuKusini

Yuko sahihi kuhusu kivuli. Paneli zikifungwa mfululizo, moja ikiingia gizani inawavuta wenzake. Ila suluhisho si shoka. Zianzie mwisho wa mashariki, mita kama sita za magharibi ziache bati tupu. Utapoteza kilowati chache, utapata baraza ambayo saa kumi inakalika. Hakuna unachoweza kununua kikafanya kazi ya mti ule.

Bati_Ligula

Gata la upande huo liwe pana na lifunguke kwa juu. Majani ya mkorosho yataliziba kila wiki, na mwenye gata jembamba ataona maji yanarudi kwenye chaja.

BajajiChikongola

Na mabibo! Juisi yake haitoki kwenye viti vya bajaji, abiria ananilaumu mimi. Chini ya ule mti msipange chombo, pangeni watu.

NjiaPanda_Lindi

Mti unabaki. Benchi ndefu naihamishia chini yake, mwezi wa kumi mtakaa huku mnaokota korosho. Jumatatu naanza na shimo la kebo, fundi wa Nachingwea nimekutumia ujumbe, niambie hayo mabomba ya akiba niweke ya inchi ngapi.