Seli 6 za 18650 kwa roboti: je, BMS pekee inatosha kama kinga?

Gurudumu_Mbili:
Wakuu, naomba mwongozo. Ninatengeneza roboti yenye mota mbili za volti 12, na nimeamua kuiundia betri ya seli 6 za 18650 (seli za lithiamu za umbo la silinda): jozi tatu, kila jozi ikiwa na seli mbili sambamba, kisha jozi hizo zifungwe kwa mfululizo ili nipate volti 11.1 za kawaida, na 12.6 betri ikijaa. Seli ni mpya, za aina moja, na kila moja inaruhusiwa kutoa ampea 10 bila kukatiza. BMS niliyo nayo, yaani saketi ya kusimamia na kulinda betri, ni ya ampea 20. Je, naweza kuziunganisha kwa solda, maana sina mashine ya kulehemu kwa nukta? Na nikishaweka BMS, bado fyuzi inahitajika?

FundiSaketi:
Fyuzi inahitajika, tena ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kabla waya haujapata mahali pa kuchubuka. BMS hukata kwa transista ndogo ambazo, zikiungua, mara nyingi hubaki zimeunganisha njia, yaani umeme unaendelea kupita kana kwamba hakuna kinga yoyote.

Hata hivyo, kuna shoti ambayo BMS na fyuzi zote mbili haziioni, nayo ni ile inayotokea ndani ya betri yenyewe. Itazame seli yako upande wa chanya. Kitufe cha katikati ndicho chanya, lakini ukingo wa chuma unaokizunguka, uliofichwa chini ya plastiki nyembamba, ni hasi, kwa kuwa kopo zima la seli ni hasi. Utepe wa nikeli wa kuunganisha seli, unaotoka kwenye kitufe, hupita juu ya ukingo huo, na kinachovitenganisha ni ile plastiki tu, ambayo roboti ikitikisika kila siku huisugua mpaka itoboke. Kwa hiyo bandika pete ya karatasi ngumu ya kuhami kwenye kila ncha chanya kabla ya kuweka utepe. Mimi sikubali kuifunga betri isiyo na pete hizo, hata mwenyewe akisema ni ya majaribio.

Kuhusu solda, sikushauri. Ndani ya seli kuna utando wa plastiki unaotenganisha chanya na hasi, ambao kwa kawaida huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 130 hivi za Selsiasi, ilhali ncha ya pasi ya solda hufika 350. Upande wa hasi ndio mbaya zaidi, kwa sababu chuma chake hunyonya joto na kukulazimisha kuikandamiza pasi kwa muda mrefu. Kama huwezi kuazima mashine, tafuta seli zilizokwisha kulehemewa vipande vya nikeli kiwandani, kisha utie solda kwenye vipande hivyo, mbali na kopo.

Jambo jingine: pima volti za seli kabla ya kuzifunga sambamba. Zikitofautiana kwa volti 0.5, na kila moja ikiwa na ukinzani wa ndani wa miliomu 25, ampea 10 zitaruka kutoka seli moja kwenda nyingine papo hapo. Tofauti isizidi volti 0.05.

Nyaya_Nne:
Naongezea kuhusu BMS. Unganisha kwanza waya mkuu wa hasi, na kabla ya kuchomeka soketi ya nyaya za kusawazisha (zile nyembamba ambazo BMS hutumia kupima volti za kila jozi), pima kila pini ukianzia hasi: usomaji unapaswa kupanda kwa hatua zilizo sawa, mathalani 0, 3.7, 7.4, 11.1. Hatua moja ikiruka au ikirudi nyuma, usichomeke.

Gurudumu_Mbili:
Nashukuru sana. Je, ampea 20 zitatosha ikiwa roboti itakwama ukutani? Ukinzani wa kila mota ni omu 0.8.

FundiSaketi:
Hazitatosha. Mota iliyokwama huvuta volti ukigawanya kwa ukinzani, yaani 12.6 kwa 0.8, karibu ampea 16. Zikikwama zote mbili, umepita 31. BMS itakata na roboti itazimika ghafla, pamoja na kompyuta yake. Weka kikomo cha ampea 8 kwa kila mota kwenye kidhibiti cha mota, na programu isimamishe kazi betri ikishuka hadi volti 9.6, ili BMS ibaki kinga ya mwisho na isigeuzwe swichi ya kila siku.

Kama kidhibiti chako hurudisha umeme kwenye betri wakati wa kufunga breki, chaji hadi 12.3 tu. Betri iliyojaa haina pa kuuweka umeme huo. BMS ikikata njia ya kuchaji, volti hupanda na kukiunguza kidhibiti.