Miti ya kivuli vihambani: ibaki au ipunguzwe?

MTOA HOJA: Ndugu zangu, naleta mbele yenu suala ambalo huku kwetu Kilimanjaro huzungumzwa sana kwenye vilabu vya mbege: je, mwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchagga, cha chini ya ekari mbili aendelee kuchanganya migomba, kahawa, ng'ombe na miti mikubwa, au aifyeke miti ya kivuli kama miringaringa na miruka ili mazao yapate jua? Mimi nasema afyeke. Kahawa iliyo chini ya kivuli kizito huzaa kidogo, na unyevu unaokawia kwenye majani huchochea ugonjwa wa kutu. Tena mti unaosubiriwa miaka 30 haulipi ada ya muhula huu.

MCHANGIAJI WA KWANZA: Nakubaliana nawe kuhusu kivuli kizito, lakini dawa yake ni kupogoa, si kufyeka. Ukipogoa mruka kabla ya masika, mwanga huingia katika miezi ya mawingu, na kufikia kiangazi matawi yamekwisha kurudi. Isitoshe, mruka ni wa jamii ya mikunde, kwa hiyo hurutubisha udongo kwa nitrojeni ya hewani, jambo ambalo mgrevilea, mti mwingine wa kivuli, pamoja na mbao zake nzuri, haulifanyi. Majani hulishwa ng'ombe zizini, samadi hurudi kwenye migomba, na migomba nayo huitia kahawa kivuli chepesi. Hata aina mpya za kahawa kutoka kituo cha utafiti cha Lyamungo, zinazostahimili kutu na chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, bado zinahitaji samadi hiyo. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo wa kihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima, ingawa, nakiri, cheti hakinunui hata kilo moja ya sukari.

MCHANGIAJI WA PILI: Kaka zangu, nyote wawili mmesahau kumtaja anayebeba majani. Ng'ombe wa kihamba hatoki zizini, kwa hiyo malisho hupandishwa kutoka tambarare, mara nyingi kichwani mwa mwanamke ambaye jioni hiyohiyo ataulizwa chakula kiko wapi. Mti wa malisho ulio mpakani, karibu na isale, mmea wetu wa kuonyesha mpaka, hunipunguzia safari hiyo, na kwangu hiyo ni sababu nzito kuliko cheti chochote. Hata hivyo, mkitaka watu waitunze miti, waacheni waivune. Mkulima anayelazimika kuzungushwa kutafuta kibali ili akate mringaringa alioupanda mwenyewe, hatangoja mche mwingine ukue. Ataung'oa ukiwa na urefu wa goti, na hakuna afisa atakayejua kwamba uliwahi kuota.

MTOA HOJA: Dada, hoja ya kibali imenishinda, nami naondoa neno "kufyeka". Lakini hamjanijibu kuhusu fedha. Mfumo wa nchi kugawiwa viwango vya mauzo ya kahawa duniani ulipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka, na wengi wetu tulianza kuitazama mibuni kama mzigo. Anayeng'oa mibuni apande nyanya hana tena sababu ya kutunza mruka. Kwa hiyo mimi nitapogoa miruka mitatu kabla ya masika, nitaubakiza ule ulio karibu na mfongo, yaani mfereji wa kumwagilia, ila upande wa nyanya nataka jua kamili. Anayepinga anieleze nyanya zitaiva vipi kivulini.