Mrejesho: nilihama Kakamega, na hesabu ya Kisumu ndiyo hii

Miezi mitatu iliyopita niliwauliza iwapo nyongeza ya mshahara ya shilingi 9,000 kwa mwezi ingenitosha kuhama kutoka Kakamega kwenda Kisumu na mke wangu na mtoto. Wengi mlinionya nisitazame kodi peke yake, na nawashukuru sana.

Kodi imepanda kutoka 8,500 kule Lurambe hadi 14,000 hapa Migosi, na hilo nilikuwa nimejiandaa nalo. Nisichokihesabu ni maji. Kule tulichota kisimani kwa mwenye nyumba bila malipo, ilhali hapa, mfereji unapokauka, mke wangu hujipanga mlangoni na mitungi mitatu ya lita 20 akimsubiri mwenye mkokoteni, na kila mtungi ni shilingi 20. Mwezi uliopita tulilipa 1,800. Nauli nayo, kwa mtu aliyezoea kwenda kazini kwa miguu, ni 100 kwa siku, yaani 2,200 kwa mwezi. Nyongeza yote imekwisha, na 500 juu yake.

Viwango vya bei ya umeme ni vilevile hapa na Kakamega, lakini joto la hapa halikuruhusu kulala bila feni, kwa hiyo tokeni huisha mapema. Mboga na mahindi bado mama hunitumia kwa matatu.

Nimepata nyumba Mamboleo, hapahapa Kisumu, ya 11,000 yenye tangi la maji, na tunahamia mwisho wa mwezi.