Faiba imetulia lakini programu inasema inatembea, tatizo nini?

Fundi_Mwanga: Wakuu habari za jioni, naomba msaada kabla sijakatupa dirishani haka kamtambo. Niko mwaka wa mwisho chuo, projekti yangu ni kuzikutanisha ncha mbili za faiba (nyuzi za kioo za kupitisha mwanga) za singo modi, zile zenye kiini chembamba, zitazamane sawasawa, ile kazi splaisa (mashine ya kuunganisha faiba) inafanya kabla ya kuchomelea. Nina hadubini ya USB (ile ya bei poa imeandikwa 1000x, uongo mtupu), skrubu zenye mota, na programu ya Python na OpenCV (maktaba ya kuchambua picha) inafuatilia kingo za faiba kwenye picha. Sasa faiba nimeibana, hakuna anayeigusa, ila baada ya nusu saa programu inaniambia imesogea maikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 3, mara 4. Nimepiga hesabu, ncha zikipishana maikroni 1 tu kwenye mwanga wa 1310 nm unapoteza kama 0.2 dB (kipimo cha upotevu wa mwanga), zikifika 4 zaidi ya nusu ya mwanga umekwenda na maji. Kosa ni kodi au kamera?

mzee_wa_lenzi: Umekalibreti na nini? Usiniambie rula.

Fundi_Mwanga: Ndo hivyo mkuu 😅

mzee_wa_lenzi: Hahaha. Kamstari ka rula penyewe ni kanene kuliko unachotafuta. Kipimo unacho mkononi bwana, faiba ya kawaida ukishaimenya plastiki, kioo chake kina unene wa maikroni 125 na kiwango kinaruhusu kukosea 0.7 tu. Hesabu pikseli ukingo hadi ukingo, zikiwa 250 basi pikseli moja ni nusu maikroni. Na usiseme pikseli ni kubwa mno, ukingo haukatiki ghafla, unafifia kwenye pikseli kadhaa, ukiufuata huo mfifio picha ikiwa safi unaweza kushuka hadi sehemu ya kumi ya pikseli. Watu wanachanganya hapa, mwanga unakuzuia kutenganisha vidoti viwili vilivyobanana chini ya kama maikroni 0.2 hata kwa lenzi nzuri, haukuzuii kujua katikati ya kitu kimoja ni wapi. Ila chukua kingo zote mbili upate kati, maana fokasi ikihama ukingo mmoja utakudanganya.

Dada_Optiki: Mi nahisi ni joto. Stendi yako ni alumini? Alumini ya sentimita 10 ikipanda digrii moja inarefuka maikroni 2.3, na zile LED za hadubini zinapasha moto usipime. Washa uache saa nzima ndo uanze kupima. Halafu mdogo wangu mbona unafuatilia ncha moja?? Fuatilia ZOTE MBILI kwenye picha ileile uchukue tofauti yake, stendi ikisogea zinahama pamoja na tofauti inabaki palepale. Faiba iko wapi mezani haikuhusu, wewe unataka kujua iko wapi mbele ya mwenzake.

splaisa_wa_mtaani: Dada kamaliza. Mi naongeza la saiti, kamera moja inakuonyesha kulia na kushoto tu, juu na chini huoni kitu, ndo maana splaisa zinazolenga kore (kiini kinachopitisha mwanga) zinaangalia pande mbili zenye nyuzi 90 kati yake. Kama huna hela ya kamera ya pili weka kioo cha nyuzi 45 ubavuni mwa faiba. Kisiwe cha bafuni, kinatoa picha mbili. Na hizo skrubu zina mchezo (ukigeuza upande zinalegea kidogo kabla ya kushika), kila ukilenga njoo kutoka upande uleule, ukipitiliza rudi nyuma kabisa uanze upya.

Fundi_Mwanga: Mrejesho wakuu. Nimefuatilia ncha zote mbili, tofauti sasa inachezacheza 0.3 hivi na haikimbii tena, rula nimemrudishia mdogo wangu. Kioo nimekata sahani ya hadi diski mbovu ya desktopu, inang'aa kweli. Ila nikifokasi kwenye kioo, picha ya juu inapotea, kawaida hiyo?

splaisa_wa_mtaani: Kawaida, njia ya kioo ni ndefu zaidi. Piga kwa zamu, ila rekodi sehemu mbili za fokasi ili urudi palepale.

Dada_Optiki: Na feni izime unapopima 😂