Mnapiga polishi bastola za zamani za shabaha halafu mnaziuza kama orijino, huu ni wizi mtupu

Wakuu, leo naandika na hasira na sitaki mtu aniambie nipoe. Kuna muuzaji, jina simtaji, kamuuzia mzee mmoja mkusanyaji mwenzetu Colt Woodsman ya toleo la kwanza, bastola ya shabaha ya risasi ndogo za .22, kwenye tangazo kaandika kwa herufi kubwa ORIJINO HAIJAGUSWA, mzee wa watu akalipa hela ya orijino, mzigo ukafika tukaukagua pamoja dirishani kwenye mwanga wa jua na kumbe kitu kimepigwa msasa, kikapigwa polishi ya mashine, kikachovywa rangi upya. Mzee kauziwa mbuzi kwenye gunia na alivyoandika kulalamika kajibiwa eti ashukuru maana sasa inang'aa kuliko ilivyotoka kiwandani!!

Inang'aa ndiyo. Ila sikilizeni tulichokiona. Maandishi ya ubavuni, yale ambayo kwenye bastola isiyoguswa ukipitisha ukucha unasikia kabisa kingo za herufi, hapa yamelala, herufi nyingine zimebaki nusu. Matundu ya skrubu na pini yamebonyea midomoni kama visahani kwa sababu lile gurudumu la polishi linakula chuma kuzunguka tundu. Kona zilizotakiwa kuwa kali zimekuwa za mviringo. Na kilichonimaliza kabisa, mbele karibu na mdomo wa mtutu kuna vishimo vya kutu na rangi mpya imeingia mpaka ndani ya vishimo. Kutu ilikula kwanza, rangi ikaja baadaye, hakuna kiwanda kinachotoa silaha ya hivyo, na huyo muuzaji anajua fika.

Mnaelewa mnachokiua lakini? Ile ni kazi ya John Browning, yule mbunifu wa silaha wa Marekani, ilianza kutoka mwaka 1915, jina la Woodsman ikapewa 1927, ikaendelea kutengenezwa mpaka 1977. Kwa zile za mwanzo sehemu kubwa ya thamani ipo kwenye ule uso wa chuma kama ulivyotoka kwa mafundi wa wakati ule, na chuma kikishalika hakirudi. Mimi bastola iliyochakaa kihalali, rangi imefifia mdomoni kwa kuingizwa na kutolewa kwenye ala miaka yote hiyo, kwenye mshiko imegeuka kahawia kwa jasho la mikono, naichukua mara kumi kabla ya hiyo yenu inayong'aa. Ile imechoka kwa kufanya kazi. Hii imechunwa ngozi.

Halafu kuna jambo baya zaidi ya hela. Tangazo lile lile limesema "inapiga risasi yoyote ya .22". Jamani!! Woodsman za kabla ya mwanzoni mwa miaka ya 1930 zilitengenezwa kwa risasi za kasi ya kawaida tu, baadaye ndio Colt wakabadilisha kile kipande cha nyuma ya mshiko kinachobeba springi ili kihimili risasi za kasi kubwa. Kukitambua ni kazi ya sekunde moja, geuza bastola utazame mgongo wa mshiko juu pale kiganja kinapokaa, cha zamani kina vimraba vimraba, cha baadaye kina mistari ya kulala. Ya mzee ina vimraba. Yaani kama mzee asingekuwa mjuzi angejaza risasi za kasi kubwa, slaidi inarudi nyuma kwa nguvu ambayo hicho kipande hakikutengenezewa, kinapasuka, na mkono wa mtu uko palepale. Bastola za kampuni ya High Standard za zamani nazo ni hivyo hivyo, watu wanazilisha risasi kali halafu fremu zikipata ufa wanasema chuma cha zamani kibovu. Chuma hakina kosa, risasi ndio siyo yake. Hizi ni bastola za kutoboa karatasi mita 25, kasi ya ziada hata haikusaidii kitu.

Na wale mnaokaa mnafyatua kavu, yaani bila risasi ndani, mbele ya kamera kuonyesha triga ilivyo laini naomba muache leo hii. Risasi za .22 kiwashio kimepakwa ndani ya ukingo wa ganda, ndio maana pini inagonga ukingoni siyo katikati, sasa chemba, yaani tundu inapokaa risasi, ikiwa tupu pini inaenda kugonga chuma cha mdomo wa chemba, ukirudia rudia panabonyea, baadaye maganda yanakwama na chemba imeshaharibika. Ruger Mark I ina kizuizi kinachoishika pini isifike huko, nyingi za zamani hazina, kwa hiyo usinijibu "mbona yangu haijaharibika".

Kuhusu magazini, kile kibebeo cha risasi kinachoingia kwenye mshiko, nitasema kwa ufupi maana nitapasuka. High Standard za mshiko wa kulala na zile za mshiko wa kijeshi hazichangii magazini, na ile midomo ya magazini ndio inayoamua bastola italisha vizuri au itakwama kila risasi ya tatu. Unauza bastola na magazini ya kuokoteza halafu unaandika "imekamilika". Imekamilika wapi? Bastola za Kijerumani za Walther Olympia nazo zilikuwa na vile vizito vya kufunga chini ya mtutu ili mkono utulie, mnauza bila vizito na hata kutaja hamtaji. Aina hiyo ndiyo Cornelius van Oyen alichukulia dhahabu ya Olimpiki Berlin 1936, mnaiuza kama chuma chakavu.

Kuna atakayesema eti na mishiko iliyochongwa nayo ni uharibifu. Hapana, hapo mimi natofautiana. Mshiko wa mbao ambao mpigaji mwenyewe aliuchonga na kujazia ufuate vidole vyake ni sehemu ya mchezo, wapiga shabaha wamefanya hivyo siku zote, mradi useme wazi na kama mishiko ya kiwandani ipo uiweke pamoja. Ila kutoboa mtutu wa High Standard matundu manne ya kufungia darubini, hilo sina msamaha nalo. Kuna jamaa kaitoboa hadi Margolin, bastola ya shabaha ya Kisovieti! Mikhail Margolin alikuwa kipofu, haoni kabisa, alibuni ile bastola kwa kupapasa vielelezo kwa vidole vyake, kila mkunjo wa ile silaha umepitia mikononi mwa mtu asiyeona, halafu wewe mwenye macho mawili unaipelekea drili.

Sasa nataka hivi. Ukiuza, weka picha ya maandishi kwa karibu, picha ya matundu ya skrubu, mgongo wa mshiko, mdomo wa magazini, na picha zipigwe kwenye mwanga wa jua siyo chini ya taa ya njano. Kama imepakwa rangi upya andika IMEPAKWA RANGI UPYA na bei ishuke, atakayeitaka kwa ajili ya kupigia shabaha tu atainunua na atafurahi, hakuna aliyekatazwa kuiuza. Na wewe muuzaji, najua unasoma hapa, mzee alikuandikia kwa adabu mara ya kwanza na ya pili ukamjibu kwa dharau. Mrudishie hela yake kamili na gharama ya kusafirisha, bastola yako ipo, imefutwa mafuta na haijapigwa risasi hata moja.