MREJESHO: Yule wa mkopo wa digrii ya ualimu

Wakuu, mimi ndo niliyeuliza 2021 kama nisome digrii ya ualimu kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu au nibaki na diploma, shukrani sana kwa michango yenu. Nilienda, na nikamsikiliza aliyesema achana na Historia chukua Fizikia na Hesabu. Hapo alinisaidia, shule binafsi zilinipigia hata kabla matokeo hayajatoka. Ila ajira ya serikali bado, usaili wa Januari 2025 nilikwama kwenye mchujo. Sasa nalipwa laki tano, slipu ya kwanza nikakuta 75,000 imeenda Bodi, ile asilimia 15 ya mshahara mliyonitajia, nikakaa kimya kidogo. Afadhali ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa inaongezwa kwenye deni kila mwaka, walishaifuta.